Mama Besi na Masikio Yasiyowahi Kuonana

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, saa kumi kamili jioni, Mama Besi atazima taa ya chumba cha kusikilizia, atafunga mlango na kukabidhi ufunguo. Atakuwa amekitumikia kiwanda hiki kwa miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku tisa. Hizo siku tisa kaziongeza mwenyewe: mkuu wa utumishi alizisahau kwenye fomu, na mama akairudisha fomu ikaandikwe upya. Anayemjua hashangai.

Mwandishi wa wasifu huu ni mpimaji wa chumba cha pili, yule wa mashine. Kamati ya sherehe ilimpa kazi hii kwa sababu mbili. Ya kwanza, amekaa jirani na mama kwa miaka kumi na mmoja, ukuta mmoja na dirisha moja la kioo kati yao. Ya pili, hakuna mwingine aliyekubali, maana kila mtu alijua mama atausoma akiwa na kalamu nyekundu mkononi. Mama, ukifika hapa, hiyo kalamu iweke chini kwanza.

Kabla ya sifa, ukweli usemwe. Tulikuwa tumuage mwaka jana, mwezi wa nane, na isingekuwa sherehe. Mama alikuwa ameshaandika barua ya kuomba kuondoka mapema, ameikunja mara nne na kuitia kwenye mfuko wa koti lake la kazi, akiamini kwamba sikio lake la kushoto limemtupa mkono. Mtu aliyejulikana kwa masikio yake alikaribia kutoka hapa kimyakimya, kwa aibu, kupitia mlango wa nyuma. Hayo tutayafikia. Tuanzie mwanzo.

Aliingia hapa akiwa na miaka ishirini na sita, fundi wa kulehemu nyaya kwenye meza ya redio, ya tatu kutoka dirishani. Alikuwa na mkono mwepesi, lakini si mkono uliomtoa kwenye meza ile. Siku moja redio kama thelathini zilikuwa zinajaribiwa ukumbini, zote zinaimba kwa wakati mmoja, na yeye bila kuinua kichwa akasema ile ya pili kwenye rafu ya chini ina mvumo. Msimamizi akacheka. Ilipofunguliwa, waya wake mmoja ulikuwa haujashika. Mwezi uliofuata alihamishiwa chumba cha kusikilizia, na hajatoka humo hadi leo.

Chumba chenyewe ni kidogo, hatua nne kwa tano. Kuta zimevikwa zulia, dari nalo zulia, ukipiga makofi humo yanafia viganjani. Kuna meza, taa na kiti kimoja. Kiti kina mto wa kijani ulioshonwa na mume wake, ambaye ni fundi cherehani, baada ya mama kulalamika kwamba kiti cha ofisi kinalia kila anapopumua. Kazi yake ni kuchukua bidhaa chache kutoka kila kundi linalotoka mezani, kuzisikiliza, na kusaini. Asiposaini, mzigo hautoki getini, hata Mkurugenzi apige magoti.

Miaka ikaenda, redio zikapungua, kiwanda kikaingia kwenye hedifoni ndogo za kuchomeka masikioni. Hapo ndipo kasheshe ilipoanza. Za kwanza zilirudishwa kwa maboksi. Wateja waliandika kwamba hazina besi, kwamba ngoma inasikika kama mtu anagonga kikombe, kwamba mwimbaji anaimbia ndani ya bati. Mafundi wakazifungua, wakakuta spika nzima na waya mzima. Meneja wa uzalishaji alikuna kichwa mpaka watu wakaanza kuzihurumia nywele zake.

Mama alichukua jozi moja akaenda nayo nyumbani. Akasikiliza wimbo, akasema ni bati tupu. Mume wake akachukua jozi ileile, wimbo uleule, akasema besi inamtikisa mpaka magego. Wakabishana. Kwa maelezo ya mume mwenyewe, walibishana siku tatu, na siku ya pili alijipakulia chakula mwenyewe. Siku ya tatu mama aliacha kuikagua hedifoni, akamkagua mume. Akawasha tochi, akamshika sikio, akachungulia. Tundu la sikio la mzee lilikuwa jembamba, na kile kipira laini kilicho kwenye ncha ya hedifoni, kinachoingia sikioni, kilimkaa kikajaa pande zote. Kwake mama kilikuwa kidogo, kikaacha mwanya wa unene wa uzi. Besi yote ilikuwa inatorokea hapo.

Tangu siku hiyo hajachoka kutueleza, na sisi tulimsikiliza hata tulipokuwa tumetia pamba masikioni. Sauti nyembamba, anasema, haina makuu, itafika tu. Besi inataka chumba kilichofungwa. Pakibaki upenyo, inatoka nje, na sikio linaachiwa makelele ya juu peke yake. Mteja naye akiikosa besi anaongeza sauti, akidhani anaifuata, kumbe anajiumiza. Na kipira kikizidi ukubwa ni balaa lilelile: hakiingii, kinajikunja, kinauma, na upenyo unazaliwa palepale.

Kwa ugunduzi huo kiwanda kilianza kuweka jozi mbili za vipira kwenye kila boksi, vidogo na vya kati. Mama aliomba na vikubwa. Meneja akasema wenye kuvihitaji ni wachache mno, tusijisumbue. Mama alikunja uso, na uso ule ulidumu miaka kumi na minane.

Ndipo lilipozaliwa jina la Mama Besi, na ndipo lilipozaliwa lile kopo lake. Wote mnalijua: kopo la peremende, kutu kwenye mfuniko, ndani vipira vya kila saizi. Alipita nalo koridoni. Akimkuta mtu amevaa hedifoni huku anazisukuma kila hatua tatu, alimsimamisha na kusema maneno mawili tu, "Naomba sikio." Kisha alilivuta sikio la mtu juu na nyuma kidogo, maana ndivyo tundu linavyonyooka, akachomeka kipira kinachofaa. Wengi wetu mara ya mwisho kuvutwa sikio tulikuwa shuleni. Mkurugenzi alivutwa la kwake mbele ya wageni sita waliovaa suti, naye hakuwa na la kufanya ila kuinama. Wageni wakabaki midomo wazi. Mkurugenzi akasema ahaa, sasa nasikia, na wageni wote sita wakapanga foleni.

Kila sikio alilichagulia kipira chake. Watu walilalamika kwamba wanaonekana vichekesho, kushoto kipira kikubwa na kulia kidogo. Jibu lake lilikuwa lile lile kwa meneja na kwa mfagizi: masikio yako mawili hayajawahi kuonana tangu uzaliwe, kwa nini unayavalisha sare? Ya kwake mwenyewe, aliongeza kwa maringo, ndiyo pekee aliyokutana nayo ambayo ni mapacha. Kati kulia, kati kushoto. Vipira vyake viwili vya kati alivihifadhi kwenye kikasha cha pete na hakuna aliyethubutu kuvigusa.

Kitu kingine alichotuachia ni Ubao wa Makosa, ule mweusi karibu na mlango wa stoo. Utaratibu wake tunaujua: aliyekosea anaandika kosa lake kwa mkono wake mwenyewe, na akishaandika, hakuna wa kumsema tena, awe bosi au nani. Kila mwezi wa kwanza wa mwaka unafutwa, tunaanza upya. Mwandishi wa wasifu huu aliufahamu ubao ule katika wiki yake ya kwanza. Mashine yake ina sikio la bandia, na kabla ya kupima unatakiwa kuzungushia hedifoni udongo laini wa plastiki ili pasivuje. Akasahau. Akapima hedifoni arobaini, akaandika ripoti kali kwamba zote hazina besi, na meza nzima ikasimama nusu siku. Mama alikuja na kopo lake, akasema "Naomba sikio," akalivuta sikio la mashine, akabonyeza udongo kwa dole gumba. Mstari wa besi kwenye skrini ukapanda taratibu mbele ya macho yetu. Mwandishi alipelekwa ubaoni na chaki, akaandika: Nilisahau kuziba sikio la mashine nikalaumu hedifoni arobaini.

Baada ya hapo mama hakumtania. Alimfundisha. Alimwambia kwamba mtu akiwa anabonyeza hedifoni kwa kidole ndipo besi ije, asiilaumu spika hata kidogo, aangalie kipira. Alimwambia hivyo mara mia, na mwandishi anaapa hatii chumvi.

Sasa tuje mwaka jana. Mwezi wa saba tulitoa hedifoni mpya zilizofinyangwa kwa umbo la sikio, ya kushoto haivaliki kulia wala ya kulia haivaliki kushoto. Mama alisikiliza kundi la kwanza, hakusaini. Akasema upande wa kushoto besi imepungua. Mashine ikasema kushoto na kulia ni sawasawa. Kundi la pili, vilevile. La tatu, vilevile. Akina dada sita wa meza inayounga hedifoni za kushoto walifumua kazi yao na kuiunga upya mwezi mzima, hadi mmoja wao akalia chooni. Minong'ono ikaanza. Mwanzoni watu walisema mama ana wasiwasi wa kupita kiasi. Baadaye wakasema mama amezeeka. Kisha wakasema lile neno lenyewe, kwamba sikio moja limeanza kuziba, na wakalisema karibu na mlango wake, kana kwamba tayari hasikii.

Meneja alimwita. Kwa heshima zote, na mwandishi anashuhudia kwamba ilikuwa kwa heshima, alimwomba afikirie kumalizia mwaka wake mapokezini. Na wiki mbili mbele yake kulikuwa na upimaji wa masikio wa kila mwaka, ambapo nesi anakuja na kifaa chake na kila mfanyakazi anapewa karatasi. Mama hakuwa tayari kuisubiri karatasi ile. Usiku wa kuamkia Jumatano aliandika barua.

Wengine mtauliza, mbona yeye, mwenye kopo, hakubadilisha kipira? Mwandishi naye alijiuliza, na jibu alilipata kwa mama mwenyewe baadaye: aliogopa. Angejaribu kipira kingine na besi isirudi, angekuwa hana tena pa kujificha. Hivyo alivivaa vilevile vya kwenye kikasha cha pete, kila asubuhi, na kila asubuhi kushoto kukawa kutupu.

Alhamisi ile, kama saa nne asubuhi, mwandishi aliinua macho kutoka kwenye mashine yake akamwona kupitia kioo. Mama amekaa kwenye mto wa kijani, amefumba macho, anasikiliza. Kidole chake cha shahada kikapanda polepole hadi kwenye hedifoni ya kushoto, kikabonyeza. Uso wake ukafunguka. Kidole kikashuka, uso ukajifunga. Akarudia. Bila shaka hakujua kwamba anafanya hivyo.

Mara mia mwandishi alikuwa ameambiwa, na sasa aliyemwambia ndiye anabonyeza. Tena akakumbuka jambo la meza ya chakula: tangu mwezi wa tano mama alikuwa anatafuna upande mmoja tu, kwa sababu daktari wa meno alimng'oa magego matatu ya kushoto na kumwekea ya bandia. Tulimtania sana kuhusu hayo meno. Hakuna aliyekumbuka kwamba taya na tundu la sikio ni majirani wa ukuta mmoja, kama mwandishi na yeye. Jirani mmoja akivunja kwake, mwingine nyumba yake inatikisika: taya limebadilika, na tundu nalo limepanuka.

Akapiga moyo konde. Akaingia chumbani bila kubisha, jambo ambalo halijawahi kufanywa na kiumbe yeyote, akalifungua kopo, akatoa kipira kikubwa. Mama alifumbua macho na kumtazama kwa jicho ambalo kwa kawaida linatosha kumrudisha mtu mlangoni.

"Mama," mwandishi alisema, "naomba sikio."

Barua ilikuwa mfukoni mwa mama wakati ule, mwandishi hakujua. Mama akainamisha kichwa upande wa kulia. Mwandishi akalivuta sikio lake juu na nyuma kidogo, kama alivyofundishwa, akatoa kipira cha kati, akaingiza kikubwa, akawasha ule mvumo mzito tunaoutumia kujaribia besi.

Machozi yalimtoka mama jicho la kushoto kwanza, halafu la kulia. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na tisa, na mwandishi hajawahi kumwona binadamu akiwa na furaha kama ile.

"Kumbe," alisema. "Kumbe bado nipo."

Alichofanya baada ya hapo ndicho kinachotufanya leo tumvulie kofia. Angeweza kusaini makundi matatu, akakaa kimya, na hakuna ambaye angejua. Mwandishi angekufa nalo. Yeye alinyanyuka, akachukua chaki, akaenda mlango wa stoo, na mbele ya kila aliyekuwa anapita akaandika kwa herufi kubwa: Nimesikiliza kwa sikio la zamani. Nimewasumbua dada sita bure. Kisha alikwenda meza ya kushoto, akasimama kwa kila mmoja, akamwomba radhi kwa jina lake. Yule aliyelia chooni alilia tena, safari hii mbele za watu, na mama alimfuta machozi kwa kanga ya mezani ya kufutia vumbi, hivyo uso mzima ukawa mweusi na kicheko kikapasuka meza nzima.

Nesi alikuja wiki mbili baadaye. Karatasi ya mama ilisema masikio yake yote mawili ni mazuri kuliko ya watu wengi wa umri wake. Alitaka kuibandika ubaoni. Tukamkumbusha kwamba ubao ni wa makosa, akaibandika mlangoni kwa meneja.

Kwa meneja hakwenda na karatasi tu. Alikwenda na ule uso wa miaka kumi na minane. Alimuuliza swali moja: ikiwa yeye, mwenye kopo zima mkononi na maisha yake yote kwenye kazi hii, amepotea kwa kukosa kipira kikubwa sikio moja, mteja mwenye jozi mbili tu kwenye boksi atajijuaje? Meneja, kwa sifa yake, hakubisha. Tangu mwezi wa kumi kila boksi linatoka na jozi nne za vipira, vikubwa vikiwemo, na kikaratasi kilichoandikwa na mama mwenyewe. Kinasema jaribu kila sikio peke yake. Kinasema vuta sikio juu na nyuma. Kinasema ukibonyeza na besi ikaongezeka, badilisha kipira kabla hujailaumu hedifoni, na kabla hujajilaumu wewe. Maneno hayo ya mwisho mhariri wa matangazo alitaka kuyakata. Hakufaulu.

Ile rafu ya stoo ya hedifoni zilizorudishwa, iliyokuwa ikijaa hadi darini, siku hizi tunawekea miavuli na vikombe vya chai. Hiyo ndiyo kumbukumbu yake, nendeni mkaione wenyewe kabla ya kukata keki.

Yako mengine ambayo nafasi haitoshi. Alifundisha wasikilizaji wanne, na binti anayeshika kiti chake kuanzia Jumatatu ni mmoja wa wale dada sita wa meza ya kushoto. Mama alimchagua mwenyewe, akisema aliyefumuliwa kazi bure atakuwa mwangalifu wa kufumua za wenzake. Aliimba kwenye kila sherehe yetu, vibaya, na tulimpigia makofi kwa sababu ni yeye anayesaini. Mwezi wa kwanza mwaka huu ubao ulifutwa kama desturi, wote isipokuwa mistari yake miwili. Hatukuambizana. Kila aliyeshika kitambaa aliizunguka.

Na sasa mwandishi wa wasifu huu amechoka kujiita mwandishi wa wasifu huu. Mama, nazungumza na wewe. Jumatatu nilikuta kopo lako juu ya mashine yangu, bila barua wala salamu, na nilikaa chini kidogo kabla ya kuanza kazi. Nitalitunza. Kutu sitaisugua.

Kamati imekuandalia zawadi, utaifungua mbele yetu. Ni hedifoni zetu wenyewe, zile mpya. Tumeshaziweka vipira: kulia cha kati, kushoto kikubwa. Hatukuuliza, tunayajua masikio yako.

Asante kwa miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku tisa. Asante kwa kutuvuta masikio bila kutudhalilisha, na kwa kutuonyesha mtu mzima anavyoshika chaki. Nenda nyumbani salama, umalize ule ubishi na mzee, ukae kwenye mto wako wa kijani ambao tunajua umeshaubeba. Tunakuombea siku ndefu, zenye afya, na nyimbo unazozipenda. Na ikitokea asubuhi moja kushoto kukawa kutupu tena, usiandike barua. Njoo hapa, kwa mlango wa mbele, tukuombe sikio.